Nyumba ya Wageni Chini ya Khumbila

Nilifika kijiji cha Khumjung, Nepal, kwa mara ya kwanza mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi India, baada ya Mnepali tuliyekuwa tukisoma pamoja kunialika twende kwao milimani wakati wa likizo. Uwanja wa ndege wa Lukla ulikuwa bado wa udongo na changarawe. Lami ilikuja mwaka 2001. Kuanzia pale safari ni ya miguu, kwa madaraja yanayoning'inia juu ya mto Dudh Kosi, hadi Namche, kisha unapanda tena mpaka kijijini, mita 3,790 juu ya usawa wa bahari.

Wenyeji wetu walikuwa Washerpa, ambao wazee wao walivuka milima kutoka Tibet karne nyingi zilizopita, wakaja na dini yao ya Kibuddha. Nyumba ilikuwa ya mawe. Chini walikaa mifugo na kuhifadhiwa viazi na nyasi kavu. Juu palikuwa na chumba kimoja kirefu. Upande mmoja lilikuwapo jiko lililowashwa kwa samadi ya yaki iliyokaushwa, chini ya madirisha benchi zilizokuwa vitanda vyetu usiku, na upande wa mwisho madhabahu ya familia. Mgeni alikula, akalala na kuamka humo humo walimoishi wenyewe.

Kwa hiyo ibada yao niliiona bila kuomba. Kabla jua halijachomoza, mama mwenye nyumba alinawa mikono, akapanga vibakuli saba vya shaba mbele ya sanamu ya Buddha na kuvijaza maji kimoja kimoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Kati ya kibakuli na kibakuli aliacha nafasi ya punje ya shayiri, visigusane wala visiachane sana. Akawasha taa ya siagi. Kisha alitoka nje na kuchoma matawi ya mreteni, ndugu wa mtarakwa wetu wa Kilimanjaro, moshi ukapanda kuelekea Khumbila, mlima unaosimama juu ya kijiji. Washerpa wanaamini kwamba ndiko anakokaa mungu mlinzi wa bonde lao, na mpaka leo hawataki mtu aupande. Jioni maji yale yalimwagwa na vibakuli kufutwa, tayari kwa kesho.

Baada ya ibada ya asubuhi ilikuja chai, ya siagi na chumvi. Ukinywa mafunda mawili, mama anakujazia. Ukikataa, anakubembeleza mpaka ukubali. Watoto walikuwa wakicheza miguuni petu, wakiitwa kwa siku walizozaliwa: Pasang wa Ijumaa, Pemba wa Jumamosi, kama kwetu tulivyo na kina Juma na Khamisi. Mdogo wao ndiye aliyenifundisha kupita kushoto kwa kuta za mawe yaliyochongwa sala, ili mawe yabaki mkono wangu wa kulia.

Niliporudi mwaka 2019, nyumba ile haikuwapo. Matetemeko ya Aprili na Mei 2015 yalibomoa nyumba nyingi za mawe katika eneo lile la Khumbu, na familia hii ilipojenga upya ilijenga kwa ajili ya biashara: vyumba vya watu wawili wawili, choo ndani, ukumbi wa kulia chakula, intaneti ya kulipia. Jiko lilikuwa nyuma ya mlango, na wapishi walikuwa vijana wa kuajiriwa kutoka mabonde ya chini. Mama alikuwa Kathmandu kwa matibabu, na baadhi ya watoto walikuwa wamehamia New York. Madhabahu ilikuwa ghorofani, mlango umefungwa. Wageni walikula na kulala wasijue kwamba ipo.

Siwezi kuwalaumu. Fedha za wageni zilisomesha watoto na kuleta dawa mahali ambapo kwa miaka mingi mzigo ulibebwa mgongoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii ilitimia pale kweli kweli. Hata hivyo nilihuzunika, kwa kuwa mwenyeji mwenyewe alikuwa ametoweka machoni pa mgeni.

Yule mdogo aliyenifundisha njia, sasa ndiye mwenye nyumba, aliliona hilo kabla yangu. Alfajiri alinigongea mlango, akanipandisha ghorofani, na mbele yangu akajaza vibakuli saba. Aliniambia kwamba ameanza kumwita kila mgeni anayetaka, kwa sharti la kuvua viatu na kuacha kamera chumbani. Asubuhi ile tulikuwa wanne. Chai tuliinywa baadaye, pamoja na familia.

Ninayasema haya kwa ajili yetu tulio chini ya Kibo. Hifadhi yetu ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na wapandaji wengi hulala kwenye mahema na vibanda vya hifadhi, wakashuka na kuondoka bila kukaa hata usiku mmoja katika nyumba ya Mchagga. Wanaojenga nyumba za wageni Marangu, Machame na Old Moshi wajenge vizuri, waweke choo ndani na maji ya moto. Lakini mzee wa nyumba, shamba lake la kihamba na desturi za mji wake visifichwe nyuma ya mlango. Mgeni akaribishwe mezani kwa wenyeji, na ageuzwe kuwa mtu wa nyumbani, kama nilivyofanywa mimi Khumjung.