Mikono Iliyong'arisha Chuma

Siku hizi grafaiti ya Mahenge ikitajwa redioni, mazungumzo huwa ya betri za magari. Mimi hukumbuka mikono ya mjane mmoja wa Leeds, Uingereza, aliyenipangisha chumba mwaka 1962 nilipokwenda kusomea ualimu.

Jikoni kwake palikuwa na jiko kubwa la chuma cha kusubu, limejengewa ukutani: makaa ya mawe katikati, oveni ubavuni, birika juu halikosekani. Lilitupikia, likatuchemshia maji, likatukinga na baridi. Na baridi ya msimu ule, iliyoshika Desemba isituachie hadi Machi, sijaiona tena maishani.

Ijumaa alfajiri moto uliachwa uzimike. Bibi, ndivyo nilivyomwita naye akaridhia, alipiga magoti juu ya gunia, akazoa majivu, akapangusa masizi, akaondoa mafuta kwa maji ya magadi. Kisha alikwangulia bonge la grafaiti kwenye kisahani, akalikoroga kwa maji na siki kidogo mpaka likawa uji mzito. Brashi moja ya kupakia, nyingine ya kusugulia, mwisho kitambaa cha mahameli. Ufundi ulikuwa kwenye kusugua. Ukipaka nyingi, hubaki vumbi jeusi linalochafua kila sketi inayopita. Grafaiti ni tabaka nyembamba zinazoteleza. Zikisuguliwa sawasawa hulala bapa juu ya chuma, huziba vitundu vyake, unyevu ukakosa pa kupenya na kutu ikakosa nafasi. Wala joto la jiko haliiunguzi kama linavyounguza rangi ya mafuta. Alipomaliza, chuma kilimetameta kama mgongo wa jodari.

Na hakikuwa kiburi cha bure. Jirani akiingia, jicho lake lilikwenda jikoni kabla hajaketi, na heshima ya mwenye nyumba ilipimwa hapo hapo. Bibi aliianza kazi hiyo akiwa binti wa miaka 13, mtumishi katika nyumba ya matajiri, aking'arisha meko ya kila chumba kabla wenyewe hawajaamka. Weusi ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake, sabuni haiutoi. Kanisani alivaa glavu. Waliosubu majiko yale wameandikwa vitabuni. Waliopiga magoti mbele yake maisha yao yote, nani amewaandika? Ndiyo maana nayasema haya ningali hai.

Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilizipa halmashauri uwezo wa kupiga marufuku moshi wa makaa. Mtaa wetu ulipofikiwa, mafundi walilivunja jiko kwa nyundo asubuhi moja, vipande vikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mahali pake pakawekwa la gesi. Mimi nilisikitika sana. Bibi, hata kidogo. Ijumaa iliyofuata alilala hadi kulipopambazuka, akanywa chai yake polepole, kisha akaenda sinema na dada yake.