Paa la wafuaji wa Tonnerre

Chemchemi ya Fosse Dionne mjini Tonnerre, eneo la Bourgogne nchini Ufaransa, hububujika chini ya kilima, maji yake kijani pembeni na buluu nzito katikati. Hadithi za zamani zinasema humo liliishi joka. Wapiga mbizi waliofuata mkondo wake chini ya ardhi, baadhi walifia humo.

Mwaka 1758 chemchemi hiyo ilizungushiwa sehemu ya kufulia. Banda lake lina paa la nusu duara: mfuaji yuko kivulini, maji yako wazi. Huko Brienon-sur-Armançon, si mbali sana, banda la 1762 lina umbo la yai. Yote mawili ni mazuri, ila mimi ningechagua Tonnerre, kwa ajili ya maji yale.

Uzuri huo usitusahaulishe kazi. Nguo zilifuliwa kwanza nyumbani: zilipangwa kwenye pipa kubwa la mbao, juu yake kitambaa chenye majivu, kisha maji ya moto yakamiminwa, yakachujwa chini, yakapashwa na kumiminwa tena, saa nyingi. Majivu ambayo kwetu hutumika kusugulia masufuria, kwao yalitakatisha mashuka. Bandani walikuja kusuuza. Mwanamke alipiga magoti ndani ya kisanduku cha mbao kilichotandikwa majani makavu, akaipiga nguo kwa kibao mpaka maji machafu yatoke. Kwetu mfuaji huinama kwenye beseni, mgongo ndio unaoumia. Wao yaliumia magoti, na wakati wa baridi vidole vilikufa ganzi. Shuka zito lilikamuliwa na wawili, huyu akipinda kulia, yule kushoto, kama tufanyavyo sisi.

Mwaka 1851, Ufaransa ikiwa imekwisha kupigwa na kipindupindu, sheria iliruhusu serikali kuzisaidia manispaa kujenga mabanda ya namna hii. Hapo ndipo ninapowaheshimu Wafaransa: fedha za umma zilimjengea mfuaji paa. Vijijini kwetu tunachimba kisima, tunafunga pampu, tunapiga picha ya uzinduzi, na mwanamke mwenye karai la nguo tunamwachia jua.

Paa halikumaliza ugomvi. Penye maji yanayotiririka, aliyewahi alishika nafasi ya juu karibu na chemchemi. Aliyechelewa alisuuza kwa mapovu ya wenzake. Anayepanga ndoo bombani alfajiri hahitaji kuelezwa zaidi.