Siku Moja katika Nchi ya Mizabibu: Safari ya Familia Magharibi mwa Sicily

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Ziko familia za pwani yetu, hasa Malindi, zenye jamaa Italia. Wanapokwenda kuwazuru hujiuliza: je, yafaa kuwatembeza watoto Sicily, kisiwa ambacho barabara zake hupita kati ya mashamba ya mizabibu, na divai huuzwa kila mji? Mzabibu hauna kosa. Mwenyezi Mungu ameutaja katika Surat An-Nahl pamoja na mzeituni na mtende, kuwa ni ishara kwa wenye kufikiri. Kilichoharamishwa ni kileo. Basi siku na ipangwe kwa nyakati za sala, na vituo vifuate.

Anzeni Palermo asubuhi. Katika ukumbi wa kusini wa kanisa kuu, mahali palipokuwa msikiti, ipo nguzo iliyochongwa aya ya Surat Al-A'raf. Mwacheni mtoto anayesoma chuoni aisome mwenyewe. Waislamu walifika kisiwani mwaka 827, na ngome yao ya mwisho ikaanguka mwaka 1091. Walileta malimau na ufundi wa kumwagilia mashamba; hata leo birika la shambani huitwa gebbia, neno lenye asili ya Kiarabu.

Kituo cha pili ni Segesta, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Njiani mtaona mizabibu ya Alcamo ikishuka mabondeni. Kilimani limesimama hekalu la kale, la karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, nguzo zake zimetimia wala halina paa. Waliolijenga hawakulimaliza.

Adhuhuri iwakute Mazara del Vallo. Hapo ndipo aliposhuka Asad ibn al-Furat, kadhi wa Qayrawan, aliyesoma kwa Imam Malik. Leo mitaa ya kale, iitwayo Kasbah, inakaliwa na wavuvi wa Kitunisia na jamaa zao. Waulizeni pa kusalia na pa kula. Musafiri aliyetimiza masharti atapunguza na kukusanya sala zake.

Alasiri piteni Marsala, ambayo jina lake latokana na marsa, yaani bandari kwa Kiarabu. Mwaka 1773 Mwingereza John Woodhouse aliipeleka kwao divai ya hapa, na tangu hapo mji ukajulikana kwa ulevi. Maghala yake hualika wageni kuonja; msiingie. Mtume wetu amekataza kukaa penye meza inayozungushwa pombe. Tembeeni ufukweni, kisha mshike njia ya kaskazini.

Magharibi iwakute kwenye mashamba ya chumvi kabla ya Trapani. Maji yamegawanywa kwa kuta ndogo, vinu vya upepo vimesimama kando, na marundo ya chumvi yamefunikwa vigae. Aliyeona chumvi ikivunwa Gongoni ataijua kazi hii. Hapo jua likizama, sala iwe tayari. Kisha mrudi Palermo, kama kilomita 110.

Kwa mama zetu wenye kupanga mkoba: chukueni mkeka na chupa ya maji ya udhu. Biskuti ya kanoli aghalabu hukandwa kwa divai ya Marsala na mafuta ya nguruwe. Mchuzi wa samaki wa kuskusi nao pengine hutiwa divai. Ulizeni senza vino, yaani bila divai, na senza strutto, bila mafuta ya nguruwe. Maduka mengi hufungwa mchana. Magari hupita upande wa kulia, na penye alama ZTL msiingie, kamera zitawatoza faini.

Na liko la kuwazungumzia watoto mkirudi. Katika karne ya 13 Waislamu waliosalia Sicily walihamishwa hadi Lucera, Italia bara. Yalibaki majina, mabirika na nguzo moja yenye aya. Sala na chuo havikubaki. Dini hailindwi na mawe; hulindwa nyumbani, kwa mama anayemsikiliza mtoto akisoma. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na azirejeshe salama safari zetu. Amin.