Mzee wa Kibera na Mashua Iliyopanda Juu

Mwaka 2019 binti mmoja wa Kawangware, muuguzi aliyekwenda kufanya kazi Uingereza, alirudi Nairobi kwa likizo ya majuma mawili. Siku ya tatu alikwenda Kibera kumwamkia babu yake, karani mstaafu wa reli, ambaye nyumba yake i karibu na njia ya treni hata vikombe hulia kabatini gari linapopita.

"Shikamoo, babu. Tazama, mashua yetu ilipandishwa juu hewani!"

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee akazichukua picha, akazigeuza, akazirudisha. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. "Nieleze," akasema.

Basi binti akaeleza. Mahali paitwapo Anderton, katika Cheshire, mto Weaver uko chini na mfereji uko juu yake futi 50. Mwaka 1875 yalijengwa hapo matangi mawili makubwa ya chuma. Mashua huelea ndani ya tangi, mlango hufungwa, kisha tangi huinuliwa pamoja na maji yake. Zamani tangi moja likishuka lilimwinua mwenzake. Mtambo ulifungwa mwaka 1983 kwa sababu ya kutu, ukafunguliwa tena mwaka 2002.

"Na tangi lenye mashua si zito kuliko lisilo nayo?"

Binti, aliyepanda mtambo huo mwenyewe, hakuwa na jibu. Mzee akaagiza beseni lijazwe maji hata ukingoni, akaeleza juu yake bakuli lenye mchele. Maji yakamwagika sakafuni. Bibi akanung'unika, na haki alikuwa nayo. "Maji yaliyotoka yana uzito sawa na bakuli," mzee akasema. "Beseni halikuongezeka uzito. Ndiyo maana matangi yale hulingana siku zote."

"Wenzetu wana akili, babu. Kwetu jambo kama hilo halijawahi kuwapo."

Mzee akanyamaza kitambo, kama mtu aliyeguswa kidonda. Kisha akasema kwamba lilikuwapo, tena karibu. Reli ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, njia ya kudumu ilikuwa haijawa tayari. Kwa hiyo hata mwaka 1901 mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma, la kushuka likilivuta la kupanda. Penye mteremko mkali kupita kiasi, behewa lilipakiwa juu ya gari jingine lililoundwa kwa mshazari, ili likae sawasawa kama mashua katika tangi. Na meli nazo zilisafiri nchi kavu: Victoria iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli toka Mombasa hata Kisumu, ikashushwa majini.

"Baba yangu alinisimulia habari za kamba," akasema. "Miaka yote nilijiambia nitakwenda kupatazama."

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya likizo, na binti alikuwa ameiweka kwa kununua nguo soko la Toi. Hakwenda sokoni. Alikodi gari, akampeleka mzee hata ukingoni, upande wa Kijabe. Upepo ulikuwa mkali. Mzee akamshika bega, akaelekeza uso kule bondeni.

"Nieleze," akasema.

Binti akatazama chini muda mrefu, kisha akaanza na mlima Longonot.