Nyumba Ndogo ya Baba

Hakuna mwanamke anayefurahi kukuta karatasi asiyoijua kwenye mfuko wa suruali ya mumewe. Mimi niliikuta Jumamosi moja asubuhi, nikipekua nguo kabla ya kuziloweka. Moyo ukanidunda paa! Nikasema leo ndiyo leo. Kumbe haikuwa namba ya simu ya mtu. Ilikuwa risiti ya bati. Bati sabini, geji 28, zimenunuliwa Masasi na kupelekwa Newala, kwao mume wangu.

Utasema, sasa hilo nalo ni kosa? Mwanaume kujenga kwao? Subiri kwanza. Tuna miaka mingi ya ndoa na watoto wawili. Tunaishi kwa kupanga hapa Dar es Salaam, na kila ikifika tarehe ya kodi tunalia pamoja. Kwa miaka yote hiyo hatujawahi kukaa chini hata siku moja tukaulizana: tukizeeka, tutaishi wapi? Mwenzangu alikuwa ameshalijibu swali hilo, na mimi sikujua hata kama limeulizwa.

Nilitaka kuwasha moto pale pale. Lakini nikaikunja ile risiti, nikaiweka kwenye kabati, nikaendelea kufua. Mchezo huu nilishawahi kuuona. Niliuona kwa wazazi wangu, na kule ulianzia kwenye nyumba ndogo ya baba.

Mke mwenza wa chuma

Usishtuke. Nyumba ndogo ya baba ilikuwa ni Land Rover. 110 moja nyeupe, kuukuu, aliyoinunua mnadani miaka michache kabla ya kustaafu. Baba alikuwa afisa nyuki wa serikali. Maisha yake ya kazi yalikuwa ya porini: Tabora, Manyoni, Mpanda, akilala dagoni na warina asali. Alipokaribia miaka 60 akaipeleka gari kwa mafundi wa Gerezani. Wakang'oa viti vya nyuma, wakachomelea kitanda, chini yake masanduku ya vyombo, pembeni sehemu ya jiko la gesi na dumu la maji. Akitoka ofisini, gereji. Jumapili baada ya misa, gereji. Tukimuuliza mama mzee yuko wapi, anajibu bila kuinua kichwa, "Baba yenu yuko kwa nyumba ndogo."

Wenzetu wa Marekani wana magari ya namna hiyo makubwa kama basi, yenye choo na friji, na wapo wastaafu wanaouza nyumba kabisa wakahamia humo. Leo wako jimbo la baridi, kesho la joto. Baba hakuwa na mawazo hayo. Yeye alikuwa na safari moja tu kichwani: kurudi Kapalamsenga.

Kama hupajui, ni Mkoa wa Katavi, Wilaya ya Tanganyika, ukitoka Mpanda mjini kuelekea magharibi, upande wa Karema na ziwa. Mimi nasoma shule ya msingi huko kote kulikuwa Mkoa wa Rukwa. Katavi ulikuja kuzaliwa mwaka 2012. Baba ni Mbende wa huko. Mama ni Mchaga wa Rombo, mwalimu wa shule ya msingi. Walikutana Tabora wote wakiwa vijana wa kazi, na tangu hapo mama alifuata uhamisho wa baba kila ulipokwenda.

Mwaka 2017 baba akatimiza 60. Mama, aliyekuwa na 55, naye akaomba kustaafu kwa hiari ili wapumzike pamoja. Siku mkupuo wa baba ulipoingia, bado ikiwa ile kanuni ya zamani ya nusu kwa nusu, mzee akaja mezani anatabasamu. "Haya mama, sasa tunaweza kuimalizia ile nyumba."

Mama akaweka kijiko chini. "Nyumba gani?"

Kumbe tangu mwaka 2009 baba alikuwa na msingi Kapalamsenga. Vyumba vinne na sebule. Kila mwaka anatuma kidogo kidogo kwa kaka yake, na kiwanja kinasomeka jina la huyo huyo kaka. Miaka minane! Mama hakupiga kelele wala kulia. Alisema tu, "Kumbe umeshanichimbia na kaburi, bado kunionyesha." Akaingia chumbani. Wakakaa wiki mbili wanaongea kupitia sisi watoto.

Kakaeni kwanza

Ikawa vuta nikuvute. Baba anasema Kapalamsenga. Mama naye kwa hasira akasema kama ni suala la kwao, basi yeye anakwenda Rombo. Sisi watoto tunasema jengeni Kibaha mkae karibu nasi. Aliyetuokoa ni mdogo wangu wa mwisho, mtu wa utani kila saa. Akasema, "Si mna gari lenye kitanda? Kakaeni kwanza kila mahali, ndiyo mjenge."

Tulicheka, lakini wazee hawakucheka. Wakatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa.

Wakaanza na Rombo, mwezi mzima. Waliegesha nyumba ndogo chini ya migomba kwenye kihamba cha babu. Wiki ya kwanza mama alikuwa na raha kama mtoto. Lakini si unajua tena desturi ya kihamba: cha wazazi hubaki kwa mtoto wa kiume, na mara nyingi ni kitindamimba. Mjomba hana shida hata kidogo. Shida ni kwamba mama alikuta kila kitu kina mwenyewe. Akitaka kukata ndizi, lazima aombe. Akihamisha sufuria, anamkosea wifi. Mama akatambua kwamba nyumba aliyozaliwa ndiyo nyumba anayokaa kama mgeni. Aliniambia kwenye simu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilikuwa napigania mahali ambapo hata mimi sina."

Wakaja kwangu Dar, mwezi na nusu. Gari halikuingia getini, likalala nje. Mimi na mume wangu tunatoka alfajiri, tunarudi saa mbili usiku tumechoka ile mbaya. Wajukuu wako shule. Wazee wakawa walinzi wa nyumba yangu. Jioni moja nikamkuta baba amekaa peke yake kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, redio inaongea. Roho iliniuma.

Ikabaki Kapalamsenga. Mama alikubali kwa sharti moja: akisema hapana, iwe hapana.

Wewe ni mtoto wa nani?

Walikwenda Juni 2018. Mwezi Agosti nikachukua likizo nikawafuata kwa treni, Dar mpaka Tabora, kisha ile inayochepuka Kaliua na kuishia Mpanda. Baba akanipokea stesheni na nyumba ndogo yake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nilitegemea kumkuta mzee ana furaha na mama amenuna. Nikakuta kinyume.

Baba alikuwa ameondoka kijijini akiwa kijana, na kwa miaka karibu 40 alirudi kwa misiba na likizo fupi. Rafiki zake wengi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, wengine wamehama. Barabarani anapita na wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe zao, wachimbaji wa shaba, vijana wa bodaboda. Anawasalimia, nao kwa heshima kabisa wanamuuliza, "Mzee, wewe ni mtoto wa nani hapa?" Aliposimulia hilo alijifanya anacheka. Jioni akanipeleka kwenye msingi wake. Miti ilikuwa imeota katikati ya sebule. Akasimama pale mlango ungekaa, akaniambia, "Nilikuwa najengea watu ambao hawapo."

Mama je? Kila jioni akina mama walikuja kulishangaa gari lenye kitanda. Wa kwanza aliomba kuchungulia, wa pili akaleta karanga, wa tatu akaleta mtoto asiyejua kusoma. Nilipofika mimi, mama alikuwa na wanafunzi kumi na wawili chini ya mwembe. Hakuna aliyemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Wanamwita mwalimu, basi.

Siku moja tukashuka hadi Karema. Pale misheni ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, daktari aliyezaliwa mbali huko Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889. Akaoa huko huko, akatibu watu wa pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Mama alisikiliza habari ile kimya. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Yule Karema hakukuwa kwao. Alipafanya kuwa kwao." Baba akaendelea kuendesha, ila nikaona ameshika mkono wa mama juu ya gia.

Hapo ningekuambia wakajenga Kapalamsenga wakaishi raha mustarehe. Hapana. Mama ni mwalimu, akasema mtihani haujaisha, tumefanya wa kiangazi tu.

Huko mvua huanza Novemba mpaka Aprili. Januari 2019 dawa za presha za baba zikaisha, na kule karibu hazikupatikana. Wakaondoka kwenda Mpanda jioni, mvua inanyesha. Gari likazama kwenye tope mpaka ekseli. Wakalala pale pale, kwenye kile kitanda, baba kichwa kinamgonga, simu haina mtandao. Mama aliniambia usiku ule alihesabu pumzi zake mpaka kunakucha. Asubuhi wafugaji wakawavuta kwa maksai. Walifika hospitali presha ikiwa juu sana, lakini mzee akapona.

Wakiwa bado Mpanda mjini, wakaamua pamoja. Walinunua kiwanja pale pale mjini, wakajenga nyumba ya vyumba viwili, yenye banda la gari. Hati ina majina mawili. Masika wanakaa mjini, karibu na daktari, stesheni na kwaya ya mama. Kiangazi wanapanda nyumba ndogo kwenda Kapalamsenga: baba na mizinga yake, mama na mwembe wake. Siku hizi kuna lami kutoka Tabora kupitia Sikonge hadi Mpanda, kwa hiyo hata sisi hatuna kisingizio cha kutokwenda. Ule msingi wa vyumba vinne bado upo. Majirani wanaanikia mahindi.

Sapraizi ni keki

Basi, wiki moja baada ya kuikuta ile risiti, watoto wamelala, nikaiweka mezani mbele ya mume wangu. Sikusema kitu. Akaitazama, akajikuna kichwa. "Nilitaka iwe sapraizi, mke wangu."

"Sapraizi ni keki," nikamwambia. "Mahali pa kuzeekea si sapraizi."

Akanyamaza sana. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Mama mkwe anazeeka peke yake Newala, na mume wangu kila akilala anaogopa simu ya usiku. Zile bati zilikuwa ni woga wake, na woga huo hakujua jinsi ya kuniambia. Nami nikamwambia wangu: naogopa kuwa mgeni uzeeni kama mama kule Rombo, kwenye nyumba yenye jina la shemeji. Tuliongea mpaka saa nane za usiku.

Tukapiga na hesabu. Sisi wa sekta binafsi tusitegemee mkupuo kama wa baba. Mwaka 2022 uliwekwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikaupandisha: 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, 35 kwa kundi letu. Kinachobaki kinakuja kidogo kidogo kila mwezi. Ukikosea mahali pa kuuzika huo mkupuo, mwingine hauji.

Dada zangu, msiogope kuzungumzia majina kwenye karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume. Lakini sheria itakusaidia zaidi kama mmeshakubaliana mezani kabla hamjafika kwa wakili.

Sisi hatuna Land Rover yenye kitanda. Tuna Noah na godoro. Desemba hii tunakwenda Newala, na safari hii hatuendi kwa zile siku tatu za sikukuu, za pilau na picha. Tunakaa likizo nzima. Nataka nijue maji yanatoka wapi, daktari yuko umbali gani, na jioni nitakaa barazani na nani. Mwaka ujao tunakwenda wakati mwingine wa mwaka. Bati zinasubiri kwa mama mkwe, hazijapigwa msumari hata mmoja. Huenda nikapapenda. Huenda nikasema hapana, na mume wangu ameahidi kwamba hapana yangu itasikika.

Juzi nilimpigia mama kumsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza baba yuko wapi.

"Yuko nje na nyumba ndogo yetu," akasema. "Anabadilisha oili. Kesho tunashuka Kapalamsenga."

Nilisikia vizuri. Alisema yetu.