Lourdes, Mji Ambao Wagonjwa Hutangulia

Katika pembe ya kusini-magharibi ya nchi ya Ufaransa, chini ya milima mirefu ya Pyrenees inayoitenga nchi hiyo na Hispania, upo mji mdogo uitwao Lourdes. Mto wa maji baridi, jina lake Gave de Pau, wapita kando yake, na juu ya jabali husimama ngome ya kale. Mji huu hauna dhahabu, hauna bandari, wala hauna viwanda vikubwa, na wakaaji wake hawafiki 20,000. Walakini kila mwaka, tangu majira ya Aprili mpaka Oktoba, husongwa na wageni kutoka pande zote za dunia. Miongoni mwao wamo maelfu ya wagonjwa: waliopooza, vipofu, wenye saratani, watoto wasioweza kuketi, na wazee ambao madaktari wao wamekwisha kuwaambia kwamba hakuna dawa iliyobaki.

Ni kitu gani kinachowavuta watu hao, wengine wakiwa wamelala kwenye machela kwa safari ya siku nzima? Jibu lake laanza na msichana maskini.

MSICHANA WA MSAGA NAFAKA

Bernadette Soubirous alizaliwa Lourdes tarehe 7 Januari, 1844. Baba yake alikuwa msaga nafaka, lakini kazi ilimharibikia hata akapoteza kinu chake, na jamaa yote ikahamia katika chumba kimoja chenye unyevu, ambacho zamani kilikuwa gereza la mji. Tangu utoto Bernadette alisumbuliwa na pumu, na mwaka 1855 aliugua kipindupindu. Alipofika umri wa miaka 14 alikuwa bado hajui kusoma wala kuandika.

Tarehe 11 Februari, 1858, alikwenda kuokota kuni pamoja na ndugu yake na rafiki yao mmoja karibu na pango la Massabielle, kando ya mto. Hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alimwona mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeupe. Mambo hayo yalirudi mara 18 mpaka tarehe 16 Julai ya mwaka ule ule.

Tarehe 25 Februari watu waliomfuata walimwona akipiga magoti, akachimba udongo kwa mikono yake, akanywa maji ya matope na kujipaka usoni. Wengi waliona haya, wakasema msichana ameingiwa na wazimu. Lakini katika shimo lile maji yaliendelea kutoka, yakawa safi, na mpaka leo chemchemi hiyo haijakauka. Siku chache baadaye, tarehe 1 Machi, mama mmoja mjamzito, Catherine Latapie, ambaye mkono wake ulilemaa kwa kuanguka kutoka juu ya mti, aliutia mkono majini na vidole vikanyoka. Akarudi kwao, akajifungua siku ile ile.

Serikali haikupendezwa na makutano hayo. Pango lilizungushiwa ua wa mbao, na watu wakakatazwa kulikaribia, mpaka mwezi wa Oktoba Mfalme Napoleon III alipotoa amri lifunguliwe. Kanisa nalo halikufanya haraka. Askofu wa Tarbes aliunda tume ya kuchunguza, na ni baada ya karibu miaka minne tu, tarehe 18 Januari, 1862, alipotangaza kwamba Wakristo waweza kuyaamini yaliyotokea. Reli ilipofika Lourdes mwaka 1866, njia ilikuwa wazi kwa wagonjwa wa mbali.

SIKU MOJA PANGONI

Mgeni afikaye leo hupita kwanza barabara zenye maduka mengi yanayouza rozari, sanamu, mishumaa na chupa za kutilia maji. Wako wanaochukizwa na biashara hiyo, na hawana kosa. Lakini akisha kuvuka lango na kuingia katika kiwanja cha hija, kelele hukoma. Maji hapa hayauzwi. Yametiwa katika mifereji, na kila mtu hukinga kadiri apendavyo bila ya kulipa senti. Wala hayana dawa ndani yake. Mwaka ule ule wa 1858, mtaalamu wa Toulouse, Profesa Filhol, aliyapima na kuona kwamba ni maji ya kawaida kama ya milima mingine.

Mbele ya pango watu hupita polepole, mmoja mmoja, wakiupapasa mwamba kwa viganja. Kwa miaka zaidi ya 160 mikono imeupapasa mahali hapo, hata jiwe limekuwa laini na kung'aa. Karibu nao yako mabirika ambamo wagonjwa walizoea kuzamishwa katika maji baridi, wakisaidiwa kwa heshima na staha. Maradhi ya Korona yalipoingia mwaka 2020, desturi hiyo ilisimamishwa, na badala yake mahujaji wakamiminiwa maji mikononi ili wanawe uso na kunywa.

Saa kumi na moja za jioni huanza maandamano ya Ekaristi Takatifu, na wagonjwa hupangwa kwa safu ili wabarikiwe. Mvua ikinyesha, huingia katika kanisa la Mtakatifu Pius wa Kumi, lililojengwa chini ya ardhi na kuwekwa wakfu mwaka 1958, lenye nafasi ya kutosha watu wapatao 20,000 au zaidi. Saa tatu za usiku huja maandamano ya mishumaa. Rozari husaliwa kwa lugha mbalimbali, na kila wimbo ufikapo kiitikio, maelfu ya mishumaa huinuliwa juu kwa pamoja.

Katika hayo yote, wagonjwa hutangulia. Vigari vyao huvutwa mbele ya watu wote, mbele ya matajiri na wenye vyeo. Wanaovivuta si watumishi wa mshahara. Ni watu waliojitolea, mawakili, wakulima, wauguzi na wanafunzi, ambao hujilipia nauli zao wenyewe. Chama chao kikubwa kiliundwa mwaka 1885. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na hapa msemo huo waonekana kwa macho: mgonjwa hangoji kuomba alishwe, afunikwe blanketi au ageuzwe ubavu.

MADAKTARI NA MIUJIZA

Huenda mtu akadhani kwamba mahali kama hapa kila anayesema amepona huaminiwa mara moja. Sivyo. Tangu mwaka 1883 pamekuwa na ofisi ya madaktari pale pale Lourdes, na daktari yeyote, awe Mkristo au asiwe, aruhusiwa kushiriki katika uchunguzi. Hutaka kujua kama maradhi yalikuwa mazito na yaliyothibitishwa; kama kupona kulikuja kwa ghafula, kukawa kamili na kwa kudumu; na kama hakuna dawa iliyoweza kukuleta. Madaktari hawatamki neno muujiza. Husema tu kwamba jambo hili elimu yao haiwezi kulieleza. Neno la mwisho ni la askofu wa mahali atokapo mgonjwa.

Habari za kupona zilizoandikishwa zimepita 7,000. Mpaka mwaka 2025 zilizotangazwa kuwa miujiza ni 72 tu. Mmoja wao ni John Traynor wa Liverpool, askari wa majini aliyejeruhiwa Gallipoli mwaka 1915, akawa na mkono uliopooza na kifafa. Aliletwa Lourdes mwezi wa Julai 1923, akarudi kwao mzima, akafanya kazi ya kubeba makaa. Askofu Mkuu wa Liverpool alitangaza muujiza huo tarehe 8 Desemba, 2024, miaka 101 baadaye.

WANAORUDI WALIVYOKUJA

Basi hesabu hiyo yafaa itazamwe bila ya kujidanganya. Katika mamilioni ya wagonjwa waliofika, walio wengi sana walirudi makwao na maradhi yao. Kipofu alirudi kipofu, na mama aliyembeba mtoto aliyepooza alimbeba tena kwenye garimoshi. Je, walipoteza nauli yao bure?

Bernadette mwenyewe ndiye mfano wa kwanza. Alisimulia kwamba katika pango hakuahidiwa furaha ya dunia hii, bali ya ile ijayo. Mwaka 1866 aliingia katika nyumba ya masista wa Nevers, akawahudumia wagonjwa mpaka yeye mwenyewe akashindwa kuinuka. Pumu haikumwacha, na kifua kikuu kilimwingia katika mfupa wa goti. Hakurudi Lourdes tena. Alifariki tarehe 16 Aprili, 1879, akiwa na miaka 35, na mwaka 1933 Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza kuwa Mtakatifu. Maji aliyoyafukua kwa vidole vyake yaliwaponya wengine, yeye hayakumponya.

Mwezi wa Agosti 2004 alifika pale Papa Yohane Paulo wa Pili, mzee aliyetetemeka kwa maradhi na ambaye sauti yake ilikatika-katika. Hakuja kama mkuu anayewatembelea wanyonge, bali kama mgonjwa aliyeketi pamoja na wagonjwa. Ni yeye aliyeiweka tarehe 11 Februari kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, na siku hiyo huadhimishwa tangu mwaka 1993 hata katika parokia za Kenya, ambako mapango mengi yaliyojengwa kwa mfano wa lile la Lourdes husimama katika viwanja vya misheni.

Aumwaye kwa miaka mingi huumizwa na mambo mawili: maradhi yenyewe, na kufichwa. Huwekwa chumba cha nyuma, wageni hawamwoni, na mwishowe hata yeye hujiona kuwa ni mzigo. Lourdes haiwezi kuahidi kuondoa la kwanza. Lakini la pili huliondoa kila siku, kwa maana pale mgonjwa hutolewa nje, huitwa kwa jina lake, na huwekwa mbele. Kazi hiyo haihitaji chemchemi wala milima ya Pyrenees. Yaweza kufanywa katika kila nyumba yenye mgonjwa chumba cha nyuma.