Swali Lisilokuwa la Mtihani

Kwa miaka ishirini na mitatu nilipita chini ya kilima kile karibu kila asubuhi nikienda kazini, na katika miaka hiyo yote niliingia langoni mwake mara nne tu, kila mara nikiwa na darasa zima nyuma yangu na jicho langu likiwa kwenye saa. Watu wa Nakuru tunakiita Hyrax Hill, jina lililotokana na pimbi waliokuwa wamejaa katika nyufa za miamba yake. Kiko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na ukiwa ndani ya matatu ni rahisi kukipita bila kukiona. Novemba iliyopita nilirudi huko kwa mara ya tano. Nilikuwa nimestaafu, sina darasa wala saa, nimemshika mkono mjukuu wangu wa miaka tisa, na mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia kwamba shule zikifungwa makumbusho yale hupokea watoto wa mitaani mwetu: wanafundishwa bao, wanafinyanga udongo, wanatembezwa kilimani. Nilisema nampeleka mtoto. Ndivyo nilivyosema nyumbani, na njiani nilijiambia hivyohivyo. Lakini tulipofika langoni moyo wangu ulianza kwenda mbio kwa namna ambayo mtoto hakuwa sababu yake, nikajua kwamba kuna kitu nilikiacha mahali pale na nilikuwa nimekuja kukitafuta.

Nianze na jinsi nilivyokuwa nikifundisha. Tarehe za kilima hiki nilizikariri kama mtu anavyokariri sala. Mwaka 1926 Louis Leakey alikitambua alipokuwa akichimba mahali pengine karibu na Nakuru. Mwaka 1937 na 1938 mkewe Mary, ambaye alipoanza alikuwa na umri wa miaka 24, akakichimba. Mwaka 1943 eneo likatangazwa kuwa la kuhifadhiwa, na mwaka 1965 nyumba ya zamani ya shamba la walowezi, ileile inayotumika hadi leo, ikafunguliwa kwa umma kama makumbusho. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikizitaja moja baada ya nyingine, nao wakaziandika wamesimama, kila mmoja akitumia mgongo wa mwenzake kama meza. Sasa ninapoukumbuka ule mstari wa watoto wameinamiana, kalamu zikikwaruza, naona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama kilima. Mimi pia sikukitazama.

Mwaka 2006 nilileta darasa la sita. Tulisimama kwenye ukingo wa mmoja wa yale mabonde madogo ya mviringo ambayo wataalamu huyaita mashimo ya Wasirikwa, nami nilikuwa nimeshafika kwenye tarehe ya tatu, mvulana mmoja akainua mkono. Alikuwa mtoto mpole, mama yake akiuza maziwa karibu na shule, na hakuwa na mazoea ya kuuliza. Akasema, "Mwalimu, hawa Wasirikwa walikuwa watu gani, na walienda wapi? Babu yangu anasema walikuwa wetu." Kimya kikaingia. Nyuma kabisa mtoto mwingine akacheka na kutamka neno kuhusu ardhi ni ya nani, neno ambalo hakulitunga yeye, bali alilisikia mezani kwao. Nikamjibu yule mvulana, "Hilo haliwezi kutoka kwenye mtihani. Andika tarehe."

Akaandika tarehe. Nilimfundisha mwaka mzima uliofuata na hakuniuliza tena swali lolote.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea mbele ya nafsi yangu. Naiambia kwamba sikuwa nimesoma vya kutosha kuhusu Wasirikwa, na hilo ni kweli. Naiambia kwamba basi la shule lilikuwa likisubiri, na hilo pia ni kweli. Lakini nilichokuwa nacho kifuani siku ile kilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na historia yake. Wazazi wangu walikuja upande wa Njoro kufanya kazi katika mashamba ya pareto ya walowezi, na baadaye, kwa miaka mingi ya kuweka senti juu ya senti, wakapata kipande chao. Nyumbani kwetu swali la nani alitangulia kufika lilizungumzwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 1992, kisha mwanzoni mwa 1998, tuliona swali hilo likijibiwa kwa moto. Kwa hiyo mtoto aliposema "walikuwa wetu", mimi sikumsikia mtoto. Nilisikia panga. Naandika haya kwa aibu, kwa kuwa yule mvulana alikuwa na miaka kumi na mbili na alichokuwa nacho mkononi ni penseli.

Yaliyotokea Nakuru mwezi Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wengi wanayajua, na waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Watoto wa dada yangu walilala hemani katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, pamoja na maelfu ya wengine. Shule ilipofunguliwa hatimaye, darasa la nane lilikuwa na madawati matupu, na moja lilikuwa la yule mvulana. Nilisikia kwamba familia yake ilihamia upande wa Londiani. Sikuuliza zaidi. Sidhani kwamba jibu langu kilimani, hata lingekuwa la hekima namna gani, lingezuia jiwe moja kurushwa. Kudhani hivyo kungekuwa kujipa ukubwa nisio nao. Ninachoshindwa kukitua ni kitu kidogo zaidi: kwamba kulikuwa na mahali ambapo swali lile lingeweza kuulizwa bila mtu kuumia, mahali penyewe lilipozaliwa, mbele ya mwalimu, mchana kweupe, na mimi nikalifungia mlango.

Basi Novemba iliyopita tulikuwa pale tena, watoto kama ishirini kutoka Lanet, Free Area na kwingineko, na wazazi wachache, nyasi zikitulowanisha hadi magotini. Kijana aliyetuongoza hakutaja tarehe hata moja. Aliwaambia watoto washuke ndani ya shimo, wakae kwenye duara, kisha akawauliza, "Nyinyi ni ng'ombe. Mvua imenyesha. Mlango uko wapi?" Watoto wakageukageuka. Mjukuu wangu akatazama maji yalikokuwa yakichuruzika, akanyoosha kidole upande wa chini wa mteremko. "Ni huko, kwa sababu mlango ukiwa juu tutajaa maji." Kijana akapiga makofi. Ndipo akawaeleza kwamba shimo lile lilikuwa zizi, kwamba nyumba ya wenye mifugo iliungana nalo ubavuni na kuingiwa kwa kupitia zizini, ili usiku mtu na ng'ombe wake wawe pamoja, na kwamba samadi na matope vilikuwa vikikokotwa nje kila mara na kurundikwa karibu na mlango, hata vikawa kichuguu. Alitupeleka kwenye kichuguu hicho. Nilikuwa nimekikanyaga mara nne maishani mwangu nikidhani ni udongo tu.

Nilikaa ukingoni nikitazama lile zizi lililozama, nikawaza jinsi mtu alivyoamka humu alfajiri miaka mia nne au mia tano iliyopita, akasikia pumzi za ng'ombe kabla ya kusikia sauti nyingine yoyote, akachukua kifaa chake akaanza kukokota matope ya jana. Kazi hiyo nilimwona mama yangu akiifanya Njoro. Kwa kitambo nilitaka kusema moyoni, "Kumbe sote ni wamoja," kisha nikajizuia, kwa sababu ni neno jepesi mno kwa mtu ambaye hakufukuzwa popote. Mimi nilibaki Nakuru.

Ndani ya nyumba ya makumbusho kuna jambo jingine lililonishika, na ingawa halihusiani moja kwa moja na ninayoyasema siwezi kulipita. Katika makaburi ya kale zaidi yaliyochimbwa pale, ya wafugaji walioishi muda mrefu sana kabla ya Wasirikwa, wanawake ndio waliozikwa pamoja na vyombo vya mawe, sahani nzito zilizochongwa kwa subira. Wanaume walizikwa mikono mitupu. Nilizitazama sahani hizo kwa muda mrefu. Hakuna ajuaye kwa hakika zilikuwa na maana gani. Zamani nisingevumilia kitu kisicho na maana ya kuandika daftarini. Siku hiyo kule kutojua kulinipumzisha.

Baadaye tulipanda kwenye mwamba penye bao. Limechongwa kwenye jiwe lenyewe, safu za vishimo vilivyolainishwa na vidole vya watu tusiowajua, na usiku ule mvua ilikuwa imevijaza vyote maji. Kila kishimo kilikuwa kimebeba kipande chake cha mbingu. Watoto waliyachota maji kwa viganja, wakaokota vijiwe vya kete, na hapohapo ugomvi ukaanza. Mmoja alisema mchezo huu ni ajua na babu yake wa Siaya huucheza hivi. Mwingine akasema la, ni giuthi. Msichana mmoja Mmasai akasema kwao ni enkeshui na hakuna anayecheza kama walivyokuwa wakicheza wale. Nilijikuta nimeinua mkono kuwanyamazisha, mkono wa mwalimu unaojiinua wenyewe, kisha nikaurudisha chini polepole. Yule kijana aliwaacha wagombane. Ziwa Nakuru lilionekana kwa mbali, limepanuka kwa namna ambayo tulipokuwa vijana hatukuifikiria, na kijana akasema tu, kama anayeongea peke yake, kwamba zama za kale sana maji yake yalifika hapa miguuni petu.

Ni mjukuu wangu aliyeuliza. Alikuwa ameshika kete mkononi, hakunitazama hata. "Shosho, wale watu wa mashimo walienda wapi?"

Tangu nistaafu nimesoma kidogo. Najua kwamba John Sutton, aliyechunguza mashimo haya kwa miaka mingi, aliona kuwa watu wale hawakutoweka. Waliacha tu kujenga hivyo, wakabadili namna ya kufuga na kuishi, na wengi wa uzao wao wamo miongoni mwa Wakalenjini wa leo. Kwa hiyo babu wa yule mvulana hakuwa akibuni. Na najua pia kwamba kabla yao walikuwapo wengine, na baada yao wengine, na kwamba kilima hakikuwahi kumtolea mtu yeyote hati. Haya mawili yanagombana ndani yangu na sijaweza kuyapatanisha. Nilimweleza mtoto yote mawili, taratibu, kwa maneno yake. Nikamwambia pia kwamba mvulana mmoja aliwahi kuniuliza swali hilo mahali hapahapa na nikakataa kumjibu. Akauliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Niliogopa." Akafikiri kidogo, akaidondosha kete yake kwenye kishimo, akaendelea kucheza.

Kabla hatujaondoka kijana aligawa vipande vya karatasi, kwa watoto na kwa sisi wakubwa pia, akasema kila mtu aandike swali moja ambalo anaondoka nalo bila jibu, aweke na jina lake chini. Nilikaa kwenye kizingiti cha ile nyumba ya zamani. Niliandika swali la yule mvulana, neno kwa neno, pamoja na maneno ya babu yake. Kisha nikashika kalamu juu ya sehemu ya jina. Langu halikuwa mahali pake, na lake sikuwa na ruhusa ya kuliandika. Manyunyu yakaanza tena, yakadondoka kwenye karatasi, na mjukuu wangu alikuwa akiniita langoni, lakini bado nilikuwa sijaandika kitu.